Mwalimu wa Kwenye Picha

Severina alikunywa bia siku moja tu maishani mwake, chupa mbili, na siku hiyo kamera ilikuwa mbele yake. Kwa hiyo watu wa mikoa miwili walimwona akinywa. Mwingine analewa kila Jumamosi miaka ishirini na hajulikani nje ya mtaa wake.

Nilimfahamu mwaka 1977 huko Usangu, kwenye nyumba ya mjane aitwaye Evarista, mkunga wa kijiji. Mimi, mama mchuuzi, nilikuwa nikitoka Iyunga na chumvi na vyungu, naviuza siku za mnada wa ng'ombe, na Evarista alinipa chumba cha nyuma kila nilipofika. Chumba cha mbele kilikuwa cha mwalimu msichana, wa miaka kumi na minane, mrefu, mwembamba, mwenye kovu kidevuni alilolipata utotoni kwa kuanguka na mtungi. Huyo ndiye Severina.

Wakati ule serikali ilitaka kila mtoto aende shule, na walimu hawakutosha. Basi vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa, wakawa wanajifunza ualimu huku wanafundisha. Mambo ya namna hiyo miaka mitatu. Mratibu wa elimu wa kata anakuja anakukagua, ukifaulu unapewa cheti, ukishindwa unarudi kwenu. Kwao Severina ni Iringa, mama yake mjane, shamba lao la mteremko ambalo mvua hulishusha bondeni kila mwaka kidogo kidogo. Lile jembe la kwao alilijua vizuri. Ndiyo maana alifundisha kama mtu anayekimbizwa.

Mambo ya picha yalianza kabla hajaja huku, mwaka 1975, akiwa darasa la saba katika shule moja nje kidogo ya mji wa Iringa. Siku moja ikaingia Land Rover kutoka Dar es Salaam na wanaume wanne ndani na masanduku ya chuma. Mkubwa wao aliitwa Liberatus, kijana wa ndevu na miwani ya jua. Alikuwa anatengeneza picha ya kuwaonya wasichana wa shule wasifuate mkumbo. Ndani ya picha kuna msichana anaitwa Lea. Rafiki zake wanamshawishi, anavaa kimini na wigi, anatoroka bweni kwenda dansi, anakunywa bia, mwisho anapata mimba na kufukuzwa shule. Liberatus alikuwa na kila kitu isipokuwa huyo Lea. Akaomba wasichana wanaoweza kusema Kiswahili bila kuona haya.

Severina alikuwa na rafiki watatu, na kiongozi wao alikuwa Benedicta, binti wa fundi seremala.

"Twende wote," Benedicta akasema. "Tukiwa wanne nani atatucheka?"

"Mimi naogopa."

"Unaogopa nini, Seve? Picha haiumi."

Wakaenda wote wanne. Liberatus akafungua sanduku, akatoa kimini chekundu, kifupi kama nguo ya mtoto wa ubatizo. Kile kipande cha nguo kilikuwa kinakamatisha watu mjini. Vijana wa chama walikuwa wanatembea na mikasi ya kuvikata. Wasichana wakakitazama.

"Haya, nani anavaa?"

Benedicta akarudi nyuma hatua moja. Wale wawili nao wakarudi.

"Vaa wewe, Seve. Una miguu mirefu."

"Si tulisema wote?"

"Wote tutakuwemo. Sisi ndio rafiki zako tunaokushawishi. Lakini wa kuvaa ni mmoja."

"Kwa nini mimi?"

"Mimi baba ataniua."

"Na mimi je?"

"Baba yako si alishakufa? Nani atakuua?"

Wakacheka. Severina naye akacheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka, kisha akaenda nyuma ya pazia akakivaa.

Siku ya kupiga picha ya dansi walitia chai ya rangi kwenye glasi ili ionekane bia, lakini chai haikutoa povu. Liberatus akaagiza bia ya kweli. Wakarudia mara tano, kwa sababu mara ya kwanza taa ilizimika, mara ya pili mbwa alipita, na kadhalika. Kufika mara ya tano Severina hakuwa anaigiza tena. Alikwenda kutapika nyuma ya Land Rover, na mwenye kamera akamfuata akalipiga hilo nalo. Mimba ilikuwa mto wa sufi, ulioazimwa kwa mke wa mpishi wa shule. Ilipokwisha kazi, Liberatus alimpa jozi ya viatu vya raba na kitenge cha kumpelekea mama. Mama alikifurahia kitenge. Juu ya kimini hakuna aliyemwambia. Land Rover ikaondoka, na Severina hakuiona hiyo picha, wala hakuifikiria.

Turudi Usangu. Kijiji kile kilikuwa na Wasangu wenyewe, Wahehe na Wabena waliofuata mpunga, na kwenye mbuga ya upande wa kaskazini Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Mwenye sauti kati ya hao wafugaji alikuwa mzee Bujiku. Wafugaji hawakupeleka binti shuleni. Severina alikwenda kwa Bujiku mara nne kumwomba binti yake, Mbuke, wa miaka kumi na mitatu. Mara tatu za kwanza alipewa maziwa na kusindikizwa. Mara ya nne Bujiku alimuuliza, "Binti akijua kusoma, ng'ombe wangu wataongezeka?"

Severina aliona karatasi imechomekwa kwenye nyasi za paa. "Ile karatasi inasemaje, mzee?"

"Ya bwana mifugo. Ya chanjo."

Akaishusha, akaisoma. "Inasema chanjo ya pili ni Jumanne."

"Jumanne hii ijayo?"

"Jumanne iliyopita, mzee."

Mbuke alianza shule wiki iliyofuata. Sharti lilikuwa asome asubuhi tu, mchana akachunge. Na kwa kuwa ni Bujiku, wengine wakafuata. Kufika katikati ya mwaka 1978, darasa la Severina lilikuwa na wasichana kumi na mmoja. Mratibu alipopita mwezi wa sita alimwambia kwamba katika kata nzima hajaona darasa kama hilo, na kwamba akilikuta hivyo hivyo kwenye ukaguzi wa mwisho, mwanzoni mwa Septemba, cheti ni chake.

Mwezi wa nane likaja gari la sinema.

Lilikuwa likizunguka vijijini wakati wa kiangazi, barabara zikipitika. Wakafunga shuka jeupe kwenye mlingoti wa goli, wakawasha jenereta, na giza lilipoingia kijiji kizima kilikuwa kimekaa chini uwanjani. Mimi nilikuwepo, na Evarista pembeni yangu. Walimu walikaa kwenye benchi mbele, Severina na mwalimu mkuu Alinanuswe, mtu wa Tukuyu, mpole, mwenye tai hata siku za mnada.

Picha ya kwanza ilihusu josho la ng'ombe, na lilikuwa josho la kijiji cha jirani. Tukawaona watu tunaowajua. Bujiku aliinuka.

"Yule si Nyanda? Nyanda wa shangazi! Na yule dume wake mwenye pembe moja!"

Watu wakapiga kelele za furaha, wakamtafuta Nyanda mwenyewe, ambaye alikuwa amekaa pale pale anacheka kwa aibu. Na mtu aliyeona josho kwenye shuka, akaenda kesho yake akalikuta josho mahali pake, atasema nini? Atasema shuka hili halidanganyi.

Picha ya pili ndiyo ile ya Liberatus. Ilipoanza, spika ikakoroma ikafa. Mwenye gari akaihangaikia, akashindwa, basi akachukua bomba la bati la kukuzia sauti akaanza kueleza kwa mdomo wake mwenyewe.

"Huyu mnayemwona ni msichana wa Iringa. Ni mwanafunzi. Hapa anavaa kimini. Mnakiona? Sasa anatoroka usiku, walimu wamelala. Sasa anacheza dansi. Sasa anakunywa. Anaongeza. Sasa, oneni wazazi, sasa anatapika."

Aliposema "wazazi" sauti ya mtoto ilitoka mbele. "Mwalimu! Ni Mwalimu Severina!"

Vichwa vikageuka, vikaangalia benchi, vikaangalia shuka, vikarudi benchi. Severina alikuwa anaitazama picha kama sisi. Baadaye aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichokifikiria ni jinsi alivyokuwa amekonda. Mwisho wa picha Lea anatembea barabarani na begi, tumbo mbele. Mwenye gari akasema kwenye bomba, "Na huo ndio mwisho wake." Hakuna aliyepiga makofi.

Asubuhi Severina alikwenda kisimani, nami nyuma yake na ndoo yangu. Mama Mbuke, mke wa Bujiku, alikuwa anateka. Alisimama akamshika mkono.

"Pole, mwalimu."

"Pole ya nini, mama?"

"Ya mtoto. Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Mtoto yupi?"

"Usinifiche, mayu. Tumbo tumeliona. Umemwacha kwa mama yako, au..." Wanawake wengine wakaanza kutazama ndoo zao.

"Sina mtoto, mama. Ile ilikuwa sinema."

"Ndiyo, sinema. Tumeiona."

Mwalimu Alinanuswe aliona atayamaliza mambo kiungwana. Akafunga tai, akapanda baiskeli mpaka kwa Bujiku. Lazima mjue kwamba kule Kiswahili kwa kila mtu ni lugha ya kujifunza. Na hapa Mnyakyusa alikuwa anazungumza na Msukuma juu ya Mhehe.

"Mzee, usiwe na wasiwasi," akasema. "Yule binti alikuwa anacheza tu."

"Ndiyo," Bujiku akajibu. "Tumemwona alivyokuwa anacheza."

"Hapana, mzee. Sisemi kucheza dansi. Nasema alikuwa anacheza. Mchezo."

"Anacheza na wanaume mpaka anapata mimba, na wewe unasema mchezo?"

"Alicheza picha, mzee!"

"Na nani?"

Alinanuswe alirudi na tai imelegea. Kesho yake Mbuke hakuja shule. Siku ya pili watatu hawakuja. Wiki ilipokwisha darasa lilikuwa na wasichana wawili, na hao ni watoto wa Alinanuswe mwenyewe.

Mimi ni mtu wa kuuliza. Nilimkuta mama wa msichana mmoja aitwaye Shija ananunua chumvi kwangu, nikamuuliza, "Mbona na wewe umemtoa mwanao? Umeona nini kwenye ile picha?"

"Sikuiona. Siku ile nilikuwa naumwa jino."

"Sasa?"

"Wenzangu wamewatoa wa kwao. Nibaki peke yangu na wa kwangu, nionekaneje?"

Nikampimia chumvi yake.

Zilibaki wiki mbili mratibu aje. Jioni nilimkuta Severina mezani kwa Evarista, daftari la mahudhurio limefunguliwa, na kwenye majina yale tisa mstari mzima wa sufuri. Hakuwa analia. Nilimpa ushauri ambao ningempa mwanangu.

"Sema si wewe. Sema ni dada yako, mnafanana. Tena sema amekufa, watakuonea huruma. Nani atakwenda Iringa kuuliza?"

Alifikiri. Sitasema hakufikiri.

"Kovu linaonekana, mama," akasema. "Pale anaponywa, kamera imekuja karibu kabisa. Mbuke amekaa dawati la kwanza mwaka mzima, kovu hili analijua kuliko mimi."

"Basi sema mlianguka wote na mitungi."

Evarista alicheka mpaka akakohoa. Severina hakucheka. Alisema Jumapili atakwenda kwa Bujiku mwenyewe, na akaniomba nimsindikize, kwa sababu Bujiku ananunua vyungu kwangu na ananiheshimu. Ukweli Bujiku hakuwa ananiheshimu. Alikuwa anaogopa bei zangu. Nilikwenda. Evarista naye akaja, na Alinanuswe akaja na baiskeli, ingawa tulimwomba abaki.

Tulikuta wafugaji wamekaa wengi, wanaume kwenye vigoda, wanawake karibu na ghala. Habari ilikuwa imetangulia. Baada ya maziwa na kuulizana hali ya mvua, Bujiku alitia mkono mfukoni akatoa kadi ya chama, akaifungua kwenye ile picha ndogo.

"Mwalimu, huyu ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Aliyeipiga alinidanganya?"

"Hapana."

"Na yule wa kwenye josho, ni Nyanda au si Nyanda?"

"Ni Nyanda."

Nyanda, pale alipokaa, akatikisa kichwa kukubali kwamba ni yeye.

"Vizuri. Na yule msichana?"

"Ni mimi," Severina akasema.

Kukawa na minong'ono kwenye ghala. Bujiku akairudisha kadi mfukoni. Nadhani alikuwa ametegemea kubishiwa, na sasa alikuwa na maneno mengi yaliyobaki bila kazi.

"Ile nguo fupi uliivaa?"

"Niliivaa."

"Na ile bia?"

Alinanuswe akaruka. "Mzee, ile ilikuwa chai. Kwenye sinema wanatia chai ya rangi, mimi nimesoma mahali..."

"Ilikuwa bia, mwalimu," Severina akasema. "Chupa mbili. Chai haikutoa povu."

"Na kutapika?"

"Nilitapika kweli."

Nilimkanyaga mguu. Katika biashara, chungu chenye ufa unaweza kumwonyesha mnunuzi, ni sawa. Lakini huzungushi chungu chote unatafuta na nyufa ambazo hajaziona.

"Na mimba?" Bujiku akauliza, kwa sauti ya chini zaidi.

"Ule ulikuwa mto, mzee. Mto wa kulalia. Wa sufi."

"Mto!" Mwanamke mmoja kwenye ghala akapiga kigelegele cha utani. "Nani anazaa mto?"

"Mwenye mto alikuja kuudai kabla hata hawajamaliza," Severina akasema. "Alisema mumewe amelala na shingo imepinda."

Hapo wanawake walicheka, lakini Bujiku alingoja. Ndipo Evarista akainuka. Mikono yake ilikuwa imepokea watoto zaidi ya nusu ya waliokuwa wanatuchungulia pale.

"Mzee Bujiku, Mbuke nilimpokea mimi?"

"Huyo nilikuja naye. Wadogo zake ndiyo."

"Mwanamke aliyezaa namjua nikimwona anainama kufagia. Huyu nimekaa naye miaka miwili, anaoga ua wangu. Hajazaa. Kama unasema hapana, mtoto ujao mtamkata kitovu wenyewe."

"Sijasema hapana," Bujiku akasema haraka. Akajikuna mguu. "Haya. Mimba ni mto. Bia ni bia. Sasa niambie, nani alikutuma ufanye vile?"

"Hakuna aliyenituma. Tulikuwa wanne. Wenzangu walisema twende wote. Ilipofika kuvaa wakarudi nyuma, nikabaki mimi. Wakacheka. Na mimi nikacheka, nikavaa."

"Hukukataa?"

"Sikukataa."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kubaki peke yangu, mzee. Wale ndio waliokuwa rafiki zangu."

Bujiku akageuka kwa wenzake, akageuka tena kwake.

"Sasa mwalimu, mbona unanichanganya? Mwalimu mkuu anakuja na baiskeli ananiambia picha ni ya kutunga. Wewe unaniambia wenzako walikushawishi, ukavaa, ukanywa, ukatapika. Si ndiyo ile ile picha?"

Severina alionekana ameshtushwa na jambo ambalo hakuwahi kulitazama upande huo.

"Ndiyo, mzee," akasema. "Ukitoa mto, ni kweli."

Nilijisemea basi, biashara imekwisha. Nilianza kufikiria lori gani litampeleka Iringa na vitu vyake.

Bujiku akazungumza na mkewe kwa Kisukuma, muda mrefu. Mkewe alijibu maneno machache. Kisha akamwelekea Severina.

"Tulipokuja huku tulivuka hii mbuga mvua imeshaanza. Tope la mbuga unalijua? Juu linaonekana nyasi, chini hakuna kitu. Unajua ng'ombe gani tunamtanguliza?"

"Mwenye nguvu."

"Mwenye nguvu anaingia tu, na wote nyuma yake wanamfuata mkia. Nilipoteza sita namna hiyo, na waliofuata walikuwa wanaona kabisa mwenzao anazama. Ng'ombe hana akili ya kusimama wenzake wakienda. Tunamtanguliza aliyewahi kuzama akatolewa. Huyo akisikia ardhi inalegea chini ya kwato, anasimama. Mchape, hasogei. Watu wanaotaka kumnunua ninawaambia hapana."

"Mzee, unanifananisha na ng'ombe?"

"Nakufananisha na ng'ombe nisiyemuuza. Unataka nini zaidi?"

Sasa hata wanaume walicheka. Bujiku hakucheka, alikuwa anafika kwenye bei, na mtu mwenye akili hacheki hapo.

"Mbuke atarudi. Lakini kila Ijumaa utawaambia wasichana jambo hili mwenyewe. Bia, kutapika, rafiki waliorudi nyuma, yote. Usiwaambie ni msichana anaitwa Lea. Useme, 'Ni mimi.' Na mimi nitakuja kusikiliza kama unaruka mahali."

Kwa msichana wa umri ule haikuwa bei ndogo. Kila wiki, mbele ya watoto. Nilimwangalia. Alikunja uso, akahesabu anachohesabu.

"Nakubali," akasema. "Na mimi nina sharti."

"Wewe tena?"

"Mbuke aje na mchana. Siyo asubuhi tu."

"Na ng'ombe?"

"Kaka zake watatu nimewapita pale nje wanacheza bao."

"Mnamwona!" Bujiku aliwaambia wenzake. "Amekuja kushtakiwa, anaondoka anadai fidia." Lakini alikuwa ameshaanza kupunguza bei, nilimwona, kwa sababu aliuliza, "Siku za mnada je?" Na mtu akishauliza siku za mnada amekubali siku nyingine zote. Wakapatana: mchana aje, isipokuwa siku za mnada.

Jumatatu Mbuke alikuja peke yake. Mama wengine walisimama kwenye vibaraza vyao wakamtazama akipita na daftari kichwani. Jumanne wakaja watatu. Alhamisi wakawa wanane. Hakuna mama aliyeeleza kwa nini amemrudisha, kama vile hakuna aliyeeleza vizuri kwa nini alimtoa.

Aliyebaki ni Shija. Severina alikwenda kwao Ijumaa jioni, tukaenda wote kwa sababu nilikuwa nadai deni la chumvi njia hiyo. Mama yake alitukaribisha, akikwepa macho yetu.

"Mwalimu, umechelewa. Alipokuwa nyumbani tu hana kazi, watu wa Igurusi wakaja kuulizia. Baba yake amekwisha pokea ng'ombe."

"Ana miaka kumi na minne, mama."

"Najua. Nimemzaa mimi."

"Ng'ombe wanarudishwa."

"Usingesema hivyo kama ungekuwa na ng'ombe, mwalimu." Kisha akaongeza, siyo kwa ubaya, "Kama wenzangu wasingewatoa na mimi nisingemtoa."

Severina alimwendea na baba wa msichana, na mwenyekiti wa kijiji, na Bujiku mwenyewe. Bujiku alisema mambo ya watu wengine hayaingilii. Alirudi kwao Shija mara nyingine, na nyingine tena. Shija alikuwa ameshapelekwa kwa mume, Igurusi.

Mratibu alikuja Ijumaa ya kwanza ya Septemba, bila kutoa taarifa, kama kawaida yao. Alikuta kipindi cha mwisho, wasichana wamekaa mbele, na nyuma kabisa mzee amejibana kwenye dawati la mtoto, fimbo katikati ya magoti. Severina alikuwa amefika kwenye kutapika.

"Huyu mzee ni nani?" mratibu akauliza.

"Ni mzazi," Severina akasema.

"Endelea, mwalimu," Bujiku akasema. "Usiruke yale ya nyuma ya gari."

Aliendelea, na mratibu akasimama mlangoni akasikiliza mpaka mwisho, kalamu mkononi, haandiki. Watoto walipotoka aliomba daftari la mahudhurio. Aliona zile sufuri za mwezi wa nane, akauliza, akaelezwa. Aliona wanane waliorudi. Alisema katika miaka yake yote hajakuta mzazi mfugaji darasani kwa hiari, na kwamba hilo ataliandika. Cheti kingekuja Desemba.

Kisha akaweka kidole kwenye jina la kumi na moja.

"Na huyu?"

"Ameolewa."

"Lini?"

"Wiki hii. Posa ilikuja zile siku za sufuri."

Mratibu alipiga hesabu zake kimya, akaona ni nini kilitokea katika siku zile. Alikuwa na shule nyingine mbili za kufika kabla ya jua kuzama.

"Basi likate, mwalimu. Jina lisibaki likiharibu asilimia ya mahudhurio."

Severina akachukua rula, akaiweka kwenye jina la Shija, akalikata kwa mstari ulionyooka.